Kukodi vila ya familia Florida: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Septemba ikiingia tu, simu huanza. "Dada, ile nyumba mliyokaa na mama kule Florida mliipataje? Hebu nitumie linki." Linki haitakusaidia. Nyumba ile niliichagua kwa ajili ya watu 14, wawili kati yao magoti mabovu, na mtoto mmoja akiona maji haambiliki. Watu wako si hao. Nimeona bora niandike utaratibu wote mara moja, jinsi ninavyoufuata mwenyewe, pamoja na makosa niliyokwisha kuyalipia.

Mimi naishi Atlanta, kaka yangu yuko Minneapolis, mdogo wetu London, mama na shangazi wako Mombasa. Nyumba zetu hakuna inayotutosha sote, na ukichukua vyumba vitano vya hoteli kila mtu ana mlango wake, mnaishia kuamkiana kwenye lifti. Ndiyo maana tunakwenda Kissimmee na Davenport, kusini-magharibi ya Orlando, ambako kuna mitaa mizima ya nyumba za kukodishwa kwa likizo: vyumba vitano, sita, hata kumi, jikoni kamili, na bwawa la kuogelea uani. Ukienda jimbo jingine hatua ni hizi hizi, ila kodi na sheria zitabadilika.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Orodha ya majina yote, umri wa kila mmoja, na nani hawezi ngazi, nani anakoroma, nani ananyonyesha.
- Pasipoti za wote, na habari ya uhakika ya viza kwa kila asiye na uraia wa Marekani.
- Kadi moja ya mkopo yenye nafasi ya kutosha, kwa jina la mtu atakayelala humo ndani.
- Mweka hazina mmoja. Mmoja tu.
- Madereva wawili waliotimiza miaka 25.
- Kompyuta. Kwenye simu ada nyingi hujificha chini ya kitufe ambacho huna habari nacho.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa, kisha hesabu magoti

Mwaka wa kwanza nilichagua kwa picha. Vyumba saba, bwawa la buluu, chumba cha watoto kilichochorwa ngome. Tulipofika, vyumba vyote vilikuwa ghorofani, chini kuna sebule na jikoni tu. Mama alipanda usiku ule akishikilia ukuta, na asubuhi akashuka kwa kukaa, kipandio kimoja baada ya kingine, huku anacheka ili tusione haya. Siku ya pili tulimtandikia sofa, na mwenye likizo yake akalala sebuleni wiki nzima.

Basi anza na wazee. Andika ni vyumba vingapi vya chini unavyohitaji, vyenye bafu ndani au bafu la mlango wa pili. Uliza kama bafu hilo lina sehemu ya kuoga ya kuingia kwa miguu, au ni beseni refu ambalo lazima mtu anyanyue mguu. Picha haikuonyeshi urefu wa ukingo, na mzee akiteleza hapo, likizo imekwisha.

Kisha vitanda. Tangazo likisema nyumba inalaza watu 16, mara nyingi limehesabu sofa ya kukunjua na vitanda vya ghorofa vya watoto. Wewe hesabu vitanda, si watu. Kwa lugha ya fundi wetu wa vitanda: "king" ni kama sita kwa sita na zaidi kidogo (sentimita 193 kwa 203), "queen" ni tano kwa sita na ushei (152 kwa 203), na "twin" ni tatu kwa sita (97 kwa 190), cha mtu mmoja. Kaka yako na mkewe ukiwapa chumba cha "twin" mbili utayasikia mpaka mwaka ujao.

Tahadhari: mtoto mchanga naye ni mtu. Nyumba nyingi zina idadi ya mwisho ya watu inayowekwa na sheria au na uongozi wa mtaa, na baadhi zinahesabu hata wa miezi mitatu. Usimfiche. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi.

Hatua ya 2: Viza kwanza, nyumba baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Wanalipa vila, kisha wanamwombea mama viza. Geuza. Fomu ya kuombea viza, DS-160, itauliza anwani ya kufikia Marekani, na anwani ya mtoto wake inatosha. Hakuna anayekutaka uwe umelipia nyumba. Serikali ya Marekani yenyewe inashauri mtu asinunue tiketi kabla viza haijatoka. Ada ya ombi la viza ya matembezi ni dola 185, na hairudi hata ukikataliwa. Tangu 2025 masharti yamebadilishwa zaidi ya mara moja kwa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Burundi zikiwemo, kwa hivyo usitegemee alichokuambia jirani aliyesafiri mwaka juzi. Soma tovuti ya ubalozi wa nchi yako wiki hiyo hiyo unayojaza fomu.

Swali linalorudi kila mara ni la jamaa wa Ulaya na Ghuba: nao wanahitaji viza? Kinachoangaliwa ni pasipoti, si mahali unapoishi. Mdogo wangu ana pasipoti ya Uingereza, kwa hivyo anaomba ESTA (kibali cha kuingia bila viza) mtandaoni, kama dola 40, na anaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Rafiki yake anaishi London mtaa ule ule lakini ana pasipoti ya Kenya: huyo ni viza. Pasipoti ya Oman pia ni viza. Na ESTA iombwe kwenye tovuti ya serikali tu, ile ambayo anwani yake inaishia na .gov, zimejaa tovuti za kuigiza zinazotoza mara mbili kwa kujaza fomu ile ile.

Hatua ya 3: Tafuta wiki ambayo shule zote zimefungwa

Utadhani hili ni jepesi. Chukua karatasi uchore. Kenya watoto wana likizo Agosti, na likizo ndefu kuanzia mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba hadi Januari. Uingereza wanafunga mwisho wa Julai hadi Septemba. Minnesota wengi hawarudi shule mpaka baada ya Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwetu Georgia shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Agosti! Wiki inayowatosha wote ni ile ya Krismasi na mwaka mpya, na hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Mna njia tatu. Mlipe bei ya Krismasi. Au mchukue wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo inafaa waliotoka Kenya na wa Marekani lakini wa London atalazimika kuomba ruhusa shuleni. Au mmoja akubali watoto wake wakose siku kadhaa za shule. Sisi tulichukua Agosti, na mimi ndiye niliyemwandikia mwalimu mkuu barua.

Ikiwa hakuna wanafunzi kati yenu, mna bahati: wiki mbili za kwanza za Desemba na siku za katikati ya Januari ni nafuu na hali ya hewa ni nzuri. Septemba ni rahisi zaidi, ila kuna sababu. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Ukichagua miezi hiyo, nunua bima ya safari mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua siku hiyo haikifidii.

Hatua ya 4: Kusanya mchango kabla ya kulipa

Kwenye grupu la WhatsApp kila mtu ataandika "tuko pamoja". Hiyo si pesa. Weka tarehe, taja kiasi, na aliyetuma ndiye anayehesabiwa kitanda. Walioko Kenya wamtumie mtu mmoja kwa M-Pesa, naye aweke hesabu. Mweka hazina asiwe yule yule anayetafuta nyumba, maana atakapoanza kudai pesa, watu wataacha kumjibu hata maswali ya vitanda.

Na mama halipi. Kwetu hilo halijadiliwi, kwa hivyo ligawanye tangu mwanzo badala ya kulikuta mwisho kama pengo.

Hatua ya 5: Chagua mtaa

Karibu kila tangazo litakuambia "dakika 10 kutoka Disney". Eneo la Disney World (bustani za burudani) peke yake ni kama kilomita za mraba 100; dakika 10 mpaka mpakani, halafu unaanza safari nyingine ya kwenda kuegesha. Weka anwani kwenye ramani ya simu, chagua saa mbili unusu asubuhi ya siku ya kazi, uone muda halisi. Barabara ya I-4 ikijaa, imejaa.

Kwa ufupi: karibu na barabara ya 192 Kissimmee kuna maduka na mikahawa kila hatua, na kelele zake. Davenport, upande wa barabara ya 27, mara nyingi unapata nyumba kubwa kwa pesa ile ile lakini gari litazunguka zaidi. Mkitaka pia kuona roketi za Kennedy Space Center, hiyo iko mashariki, mwendo wa zaidi ya saa moja, na Legoland iko Winter Haven, karibu zaidi na Davenport. Hakuna mtaa ulio karibu na kila kitu.

Hatua ya 6: Soma tangazo kama mkataba

Picha ziangalie mwisho. Kwanza soma maoni ya waliokaa, hasa ya miezi sita iliyopita, na utafute maneno matatu: harufu, mende, kiyoyozi. Florida bila kiyoyozi ni kama kukaa ndani ya sufuria ya wali iliyofunikwa.

Kisha uliza haya kwa ujumbe ndani ya jukwaa lenyewe (tovuti ya kukodi nyumba), Airbnb au Vrbo au popote ulipo, ili majibu yabaki kwa maandishi:

- Chumba cha chini kina kitanda gani na bafu gani?
- Bwawa linapashwa moto? Kwa umeme au gesi? Dola ngapi kwa siku, na nitoe taarifa siku ngapi kabla?
- Bwawa lina ua wa kuzuia watoto, na milango inayoelekea huko inalia ikifunguliwa?
- Magari mangapi yanaruhusiwa, na yanalala wapi?
- Wageni wa mchana wanaruhusiwa?

Kuhusu bwawa, wageni kutoka pwani hushangaa. "Florida si joto?" Desemba na Januari usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na bwawa lisilopashwa ni maji ya kisima. Watoto wataingia mara moja, watoke wakitetemeka, basi. Upashaji hulipiwa kwa siku na lazima uagizwe mapema. Agosti usilipie, maji yatakuwa vuguvugu yenyewe.

Na swali la ua usiliruke. Sheria ya Florida inataka bwawa la nyumbani liwe na kizuizi, au milango yenye kengele, lakini nyumba za zamani zina mambo yao. Yule mtoto wetu asiyeambilika alifungua mlango wa kioo saa kumi na mbili asubuhi, sote tumelala. Kengele ya mlango ndiyo iliyomwamsha shangazi. Siku ya kwanza wageni wengi huizima kwa sababu inaudhi. Iacheni ilie.

Wageni wa mchana nao ni mtego. Mitaa hii mingi ina geti na walinzi, na majina ya wageni huandikishwa. Tulipata jamaa wanaoishi Tampa, tukawaalika pilau ya Jumapili, wakaja magari manne. Mlinzi aliruhusu mawili. Pilau nyingine tuliwapelekea nje kwenye vyombo vya plastiki, tukala tumesimama kwenye maegesho ya duka la dawa. Kama mna shughuli, arusi, akika, hata birthdei yenye watu wa nje, mwambie mwenye nyumba kabla. Nyingi zinakataza sherehe kabisa, na kelele huisha saa nne usiku.

Hatua ya 7: Piga hesabu mpaka senti ya mwisho

Tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu inayotaka matangazo ya malazi ya muda mfupi yaonyeshe bei yote pamoja na ada za lazima. Imesaidia. Lakini kodi za serikali zinaweza kuongezwa mwishoni, na vitu vya hiari kama kupasha bwawa havimo. Basi fanya hesabu yako. Huu ni mfano wa nyumba ya dola 310 kwa usiku, usiku 7, upande wa Osceola, kaunti iliyo na Kissimmee:

- Kulala: dola 2,170
- Ada ya usafi: 250
- Kupasha bwawa, 35 kwa siku: 245
- Kodi asilimia 13.5 ya hizo tatu: 359.78
- Ada ya uharibifu mdogo: 69
- Ada ya jukwaa: 310

Jumla dola 3,403.78. Ile nyumba ya 310 imekuwa 486 kwa usiku. Ukigawa kwa watu 14 ni kama dola 243 kwa kila mtu kwa wiki nzima, na hapo ndipo unapoona kwa nini tunavumilia usumbufu wote huu.

Asilimia 13.5 hizo ni 6 za jimbo, 1.5 za kaunti na 6 za utalii. Kaunti ya Orange ni 12.5. Davenport ni kaunti ya Polk, nayo ina kiwango chake. Kuna sehemu inaitwa Four Corners ambako kaunti nne zinakutana, na nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kulipa kodi tofauti, kwa hivyo uliza kaunti, si jina la mji.

Hatua ya 8: Hakikisha nyumba ipo

Ukipitia jukwaa kubwa na kulipa humo humo, hatari ni ndogo. Ukiambiwa "toka nje ya jukwaa, nikupunguzie", fanya haya kabla ya kutoa senti:

Omba anwani kamili na nambari ya leseni. Nyumba za likizo Florida husajiliwa na idara ya jimbo iitwayo DBPR, na nambari huanza na DWE kwa nyumba au CND kwa fleti. Tovuti yao inakuruhusu kutafuta bure. Kisha fungua tovuti ya mthamini wa mali wa kaunti, weka anwani, utaona jina la mwenye nyumba. Rekodi hizo ni za umma. Jina halilingani na la anayekuandikia, wala hana kampuni ya usimamizi anayoitaja? Achana naye. Mwisho, chukua picha ya sebule uitafute kwenye Google kwa picha. Ikitokea kwenye tangazo la nyumba ya mji mwingine, umeshajua.

Binamu yangu alituma dola 900 kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa benki kwa benki, kwa mtu mwenye maneno matamu na picha nzuri. Nyumba ilikuwepo kweli, na aliyefungua mlango ndiye mwenyewe aliyekuwa akiishi humo. Pesa ya Zelle, ya kutumwa kwa waya au ya kadi za zawadi ukishaituma ni kama umeitupa Likoni kivukoni. Lipa kwa kadi ya mkopo, ambayo malipo yake unaweza kuyapinga benki.

Hatua ya 9: Lipa na uhifadhi

Soma masharti ya kufuta kabla ya kubonyeza. Nyingine zinarudisha zote mpaka siku 60 kabla, nyingine 30, nyingine hazirudishi kitu. Andika tarehe hiyo ya mwisho kwenye kalenda ya watu wawili. Majibu ya mwenye nyumba, risiti, anwani na nambari ya simu ya msimamizi yapige picha yakae kwenye simu, maana utayahitaji getini mahali ambapo huna intaneti.

Hapo hapo mnunulie mzee bima ya afya ya wasafiri. Soma kipengele cha magonjwa aliyokuwa nayo tangu zamani, kwa sababu sukari na presha ndizo wazee wetu walizonazo, na ndizo bima nyingi zinazozikwepa.

Hatua ya 10: Ndege na gari

Kenya Airways inaruka Nairobi hadi New York bila kutua tangu Oktoba 2018, kama saa 15. Wazee watakaguliwa pasipoti huko JFK, wachukue mizigo, wapite forodha, ndipo wapande ya Orlando, saa tatu nyingine. Wape nafasi ya saa nne kati ya ndege mbili na uombe kiti cha magurudumu hata kama wanatembea. Anayesukuma kiti anajua njia. Sambusa za nyama za shangazi zilibaki forodhani. Nyama na matunda mabichi havipiti. Viungo vikavu na majani ya chai hupita, ila vitajwe.

Gari la viti saba lenye mizigo linabeba watu watano. Watoto hadi miaka mitano sheria ya Florida inataka wawe kwenye kiti chao. Barabara nyingi zinazotoka uwanja wa ndege wa Orlando (MCO) zina tozo, na nyingine hazipokei noti, kwa hivyo chukua kadi ya tozo ya wageni, Visitor Toll Pass, bure hapo uwanjani, uning'inize kwenye kioo cha ndani, urudishe siku ya kuondoka. Usipochukua, kampuni ya gari itakulipia na kukutoza ada yake juu.

Hatua ya 11: Siku ya kufika

Kuingia kwa kawaida ni saa kumi jioni, kutoka saa nne asubuhi. Kabla mizigo haijaingia, mmoja apite na simu akichukua video ya kila chumba: madoa, nyufa, vyombo vilivyovunjika. Andika anwani ya nyumba kwa herufi kubwa ubandike kwenye friji. Siku mtu akianguka na mgeni akapiga 911, namba ya dharura, hatakumbuka jina la mtaa.

Dukani mwende jioni hiyo hiyo. Nyumba hukuachia roli moja la karatasi ya choo kwa kila bafu na sabuni ya vyombo ya siku moja. Ongeza na kopo la plastiki la kila choo, maana maji ya kujitawazia hayapo, na hilo hakuna tangazo linalolisema. Mkeka wa kuswalia je? Kibla kutoka Florida ni kaskazini-mashariki. Mama, ambaye Mombasa anaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, alibishana na simu yangu siku mbili.

Kissimmee ina Wapuerto Rico wengi, na kwa jikoni yetu hiyo ni neema. Kwenye rafu zao nazi ya kopo ipo, muhogo uliogandishwa umeandikwa "yuca", ndizi mbichi ni "plátano". Shangazi aliinua kopo lililoandikwa "gandules", akalitikisa sikioni, akaangalia picha. "Mbaazi hizi," akasema, akachukua sita. Asubuhi yake tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi pembeni ya bwawa.

Kuhusu maji mengine yote unayoyaona, dimbwi nyuma ya nyumba, ziwa dogo la mtaa: watoto wasisogee ukingoni. Mamba wapo, si hadithi. Na ngurumo ya kwanza ya mchana ikisikika, kila mtu nje ya bwawa, mkae nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Mlango haukubali namba.* Mara nyingi namba haianzi kufanya kazi mpaka saa ya kuingia. Ikipita saa hiyo, mpigie msimamizi, usibonyeze ovyo. Kufuli nyingine hujifunga ukikosea mara kadhaa.

*Nyumba chafu au siyo ya pichani.* Picha ndani ya saa ya kwanza, ujumbe ndani ya jukwaa. Ukilalamika kwa simu tu, au siku ya tatu baada ya kuogelea, hutasikilizwa.

*Kiyoyozi kinapuliza hewa ya moto.* Kuna mtu amekishusha mpaka nyuzi 65 za Fahrenheit na kuacha mlango wa bwawa wazi, kimeganda. Kizime upoozaji, acha feni peke yake saa chache, kisha weka 74.

*King'ora cha moshi kinalia ukipika chapati.* Washa feni ya juu ya jiko, fungua dirisha, punguza moto. Usikitoe ukutani, wengine hukutoza.

*Sinki limeziba.* Wali na maganda ya viazi vimetiwa kwenye mashine ya kusaga chini ya sinki. Mwite msimamizi, na mabaki mengine yaende kwenye pipa.

*Pasi ya mama haiwaki.* Umeme wa huku ni volti 120 na plagi zake ni bapa. Adapta hubadilisha plagi, haibadilishi volti. Chaja za simu hazina shida. Pasi na mashine ya nywele za Kenya ziacheni nyumbani.

*Gari limevutwa usiku.* Liliegeshwa barabarani. Piga namba iliyo kwenye kibao cha getini, uende na pasipoti na karatasi za kukodi.

*Mmoja kanyimwa viza.* Usifute nyumba kwa hasira ya jioni ile. Angalia kwanza tarehe ya mwisho ya kufuta. Ikiwa bado, omba nyumba ndogo kwa msimamizi yule yule, wengi wana kadhaa mtaa mmoja. Ikiwa imepita, chumba chake, kama ni cha chini, mpeni shangazi, na mchango wake mweka hazina amrudishie kwanza kabla ya hesabu nyingine yoyote.

*Umetozwa uharibifu baada ya kuondoka.* Itume ile video ya siku ya kwanza, na nyingine uliyochukua asubuhi ya kutoka. Hukuchukua ya pili? Basi doa la kwenye sofa ni lako.